Bustani ya Watoto na Viumbe Wadogo

Mtoto wa miaka mitatu akiona mdudu anatambaa njiani, mara nyingi hufanya moja katika mambo mawili: ama humkanyaga, ama humwokota na kumfumbata mkononi mpaka mdudu akafa. Watu wazima wakimwona humwita mtundu, na wengine humwita mkatili. Lakini mtoto huyo si mkatili. Ataka kujua kitu kile ni nini, na chombo chake cha kujulia ni mkono. Hajui ya kuwa mkono wake mdogo, kwa mdudu yule, ni mzito kama gogo. Hajui ya kuwa kiumbe yule ana uhai, ana makao yake, tena ana kazi yake duniani. Asipofundishwa, atajuaje?

Wazee walisema, "Udongo upatilize uli maji." Maana yake, mfinyanzi hufinyanga chungu wakati udongo ungali laini, ukisha kukauka haupindiki tena, ila huvunjika. Watu wa nchi kadha wa kadha waliifuata hekima iyo hiyo walipoanzisha shule za watoto wadogo zisizo na kuta, bustanini na msituni. Humo watoto wa miaka mitatu, minne na mitano hujifunza kuwatunza wanyama, ndege na wadudu kabla hawajajua kusoma wala kuandika.

1. Mwanzo wa Bustani ya Watoto

Mtu aliyeipa shule ya watoto wadogo jina la bustani alikuwa Mjerumani, jina lake Friedrich Fröbel. Alizaliwa mwaka wa 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, kati ya vilima na misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa Friedrich angali mtoto mchanga, hata mwaka mmoja hajautimiza. Alipopata miaka kumi na mitano alipelekwa kwa bwana mmoja wa misitu ili ajifunze kazi yake, akakaa huko muda wa miaka miwili kati ya miti.

Baadaye akawa mwalimu. Mwaka wa 1837, katika mji wa Blankenburg, alianzisha nyumba ya kuwafundishia watoto wadogo kwa michezo na kazi za mikono, na mwaka wa 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake Bustani ya Watoto. Jina hilo lilikuwa na maana mbili. Kwanza, watoto wenyewe ni kama miche, na mwalimu ni kama mtunza bustani. Mtunza bustani hauvuti mche kwa nguvu ili urefuke upesi. Huupa maji na mbolea, huuondolea magugu, kisha huungoja. Pili, palikuwa na bustani ya kweli. Kila mtoto alipewa kishamba chake mwenyewe, na kando yake palikuwa na shamba la wote, lililopasa kulimwa kwa ushirika.

Fikira hiyo ilikuwa njema sana. Mtoto aliyesahau kumwagilia maji kishamba chake aliikuta mimea imenyauka. Haikuwa lazima mwalimu amkaripie, maana mimea yenyewe ilimwonya. Na katika shamba la wote alijifunza ya kuwa uvivu wake ungeweza kuwadhuru wenzake.

Serikali ya Prussia haikuipenda kazi hiyo, ikazipiga marufuku shule hizo mwaka wa 1851. Fröbel akafa mwaka uliofuata, asiione siku ya kufutwa kwa amri ile, nayo ilifutwa mwaka wa 1860. Lakini wakati huo wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuipeleka Bustani ya Watoto katika nchi nyingine.

2. Shule ya Deptford

Katika Uingereza kazi hiyo ilifanywa na ndugu wawili wanawake, Bibi Rachel McMillan, aliyezaliwa mwaka wa 1859, na Bibi Margaret McMillan, aliyezaliwa mwaka wa 1860. Walizaliwa Marekani, lakini wazazi wao walikuwa watu wa Uskoti, nao walirudishwa huko wangali wadogo baada ya baba yao kufa. Walipokuwa watu wazima walikaa Deptford, mtaa wa maskini katika mji wa London. Nyumba za mtaa huo zilikuwa zimesongamana, na moshi ulizuia jua. Watoto wengi walikuwa na kikohozi na magonjwa ya ngozi, na wengine miguu yao ilipinda kwa matege, kwa kuwa miili yao haikupata mwanga wala chakula cha kutosha.

Mabibi hao walianza kwa kuwatibu watoto. Lakini waliona jambo la kuhuzunisha: mtoto alitibiwa akapona, akarudi kwao gizani, na baada ya siku chache akaletwa tena na ugonjwa ule ule. Basi wakaona ya kuwa dawa peke yake haitoshi. Mtoto apaswa kupewa mahali pa kukulia. Mwaka wa 1914 walifungua shule ya nje kwa watoto wadogo. Badala ya jumba kubwa walijenga vibanda vilivyofunguka upande mmoja, na katikati wakafanya bustani yenye miti, maua na mboga. Watoto walioga, wakala, wakacheza, wakalala usingizi wa mchana mahali penye hewa safi.

Bibi Rachel alikufa mwaka wa 1917, na shule ikapewa jina lake. Bibi Margaret aliendelea na kazi mpaka alipokufa mwaka wa 1931. Bustani yao iliwekwa kwanza kwa ajili ya afya ya watoto. Lakini bustani haikai peke yake: palipo maua huja nyuki na vipepeo, palipo mti huja ndege, na palipo udongo mwema huwa na nyungunyungu. Mtoto wa mjini aliyeletwa bustanini apate jua alikutana na viumbe hao pia.

3. Shule za Msituni

Katika Denmaki, miaka ya 1950, mama mmoja aliyeitwa Ella Flatau alikuwa na desturi ya kwenda msituni kila siku pamoja na watoto wadogo, wake na wa jirani. Wazazi wengine walipoona jinsi watoto walivyopata nguvu na furaha, wakamsaidia kufanya shule ya namna hiyo. Katika Uswidi, mwaka wa 1957, Bwana Gösta Frohm alibuni kiumbe wa hadithi jina lake Skogsmulle, mlinzi wa msitu, mwenye kofia ya gome la mti. Mtu mzima huvaa mavazi ya Skogsmulle, akatokea kati ya miti, akawaambia watoto habari za wanyama, na kuwaomba wasiache takataka msituni. Watoto wadogo hupenda hadithi kuliko amri, na Bwana Frohm alilijua hilo.

Mwaka wa 1993 watu wa chuo cha Bridgwater, upande wa magharibi wa Uingereza, walikwenda Denmaki kuzitazama shule za watoto wadogo. Waliporudi walianza kazi kama hiyo kwao, nayo ikaenea katika sehemu nyingi za Uingereza. Wako watoto wanaokwenda msituni siku moja katika juma, na wako wanaokaa nje karibu siku zote, wakati wa joto na wakati wa baridi. Huvaa koti la mvua na viatu virefu vya mpira. Watu wa nchi za Kaskazini wana msemo wao, kwamba hakuna hewa mbaya, ila nguo zisizofaa.

4. Sheria za Msitu

Mtu atauliza, Je, watoto wadogo wakiachiliwa msituni, si watawasumbua wanyama zaidi? Ni kweli, wakiachiliwa tu. Kwa hiyo jambo la kwanza wanalofundishwa ni sheria, nazo ni chache, ili mtoto wa miaka mitatu aweze kuzishika.

Sheria ya kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. Mtoto huchutama, akaweka mikono magotini, akatazama. Sheria ya pili ni kurudisha kila kitu mahali pake. Jiwe likifunuliwa ili kuona walio chini yake, sharti lifunikwe tena polepole kama lilivyokuwa, kwa maana jiwe lile ni paa la nyumba ya mtu mwingine. Sheria ya tatu ni kwamba kiota hutazamwa kwa mbali. Ndege mama akitishwa mara nyingi huweza kuviacha viota na mayai yake. Sheria ya nne ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana udongo na wanyama huweza kuchukua vijidudu vya magonjwa.

Nyungunyungu ndiye mwalimu wa kwanza, kwa kuwa apatikana kila mahali, naye hana meno wala mwiba. Mtoto hulowesha mkono wake kwanza, ndipo awekewe nyungunyungu kiganjani. Sababu yake ni hii: nyungunyungu hana mapafu, huvuta hewa kwa ngozi yake, na ngozi hiyo yapasa kuwa na unyevu siku zote. Mkono mkavu humwumiza, na jua humwua. Mtoto akisha kujua hivyo, hawezi tena kumwacha juu ya jiwe la moto. Humtafutia mahali penye kivuli na udongo laini, naye hufanya hivyo kwa haraka, kwa kuwa amepewa siri ya maisha ya kiumbe yule.

Wala nyungunyungu si kitu cha kudharauliwa. Mtaalamu mkuu Charles Darwin aliwachunguza muda wa miaka mingi, na mwaka wa 1881 alitoa kitabu kizima juu yao. Aliwaweka katika vyungu vya udongo chumbani mwake, akawapigia zumari na kinanda ili ajue kama wasikia. Hawakujali sauti hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya kinanda chenyewe, na kinanda kikapigwa, mara wakaingia mashimoni mwao, kwa kuwa walihisi mtikisiko. Darwin alionyesha kwamba nyungunyungu huugeuza udongo wa mashamba na kuuleta juu, kama walimaji wasiochoka.

5. Kalunguyeye

Wanyama wanaopendwa sana na watoto wa Uingereza mmoja wao ni kalunguyeye. Watu wengine humchanganya na nungu, lakini nungu ni mkubwa mwenye miiba mirefu, na kalunguyeye ni mnyama mdogo mwenye miiba mifupi mgongoni. Kalunguyeye wa Ulaya ana miiba 5,000 au zaidi, naye ni mkubwa kidogo kuliko kalunguyeye wa Afrika ya Mashariki. Akiona hatari hujikunja akawa kama mpira, asionekane kichwa wala miguu. Hutoka usiku kutafuta mbawakawa, viwavi na nyungunyungu, na katika usiku mmoja huweza kwenda mwendo wa kilometa moja au mbili.

Mnyama huyu amepungua sana. Mwaka wa 2020 wataalamu walimtia katika orodha ya wanyama wa Uingereza walio katika hatari ya kutoweka. Yako mambo mengi yanayomdhuru. Nyua za miti alimojificha zimeng'olewa katika mashamba mengi. Dawa za kuulia wadudu humnyang'anya chakula chake. Magari humkanyaga barabarani. Hata bustani za watu zimezungukwa na kuta na mbao zisizo na nafasi, basi kalunguyeye hufungiwa nje asipate pa kupita.

Mtoto wa miaka minne aweza kufanya nini juu ya mambo makubwa kama hayo? Aweza kufanya mengi. Huzoa majani makavu kwa toroli ndogo, akayarundika pembeni mwa bustani, ili kalunguyeye apate mahali pa kulala. Hayafagii yote, maana amefundishwa ya kuwa majani yanayoitwa takataka na watu ni godoro la mnyama. Huweka sahani ya maji isiyo na kina. Hamwekei maziwa. Zamani watu wengi walimpa kalunguyeye maziwa na mkate kwa wema wao, wasijue ya kuwa tumbo lake haliwezi maziwa, na ya kuwa huharisha hata huweza kufa. Hapo mtoto hujifunza jambo ambalo hata watu wazima hulisahau: kupenda hakutoshi, sharti kumjua yule unayempenda.

Kisha kuna tundu. Mwaka wa 2011 vyama viwili vya Uingereza vya kuwahifadhi wanyama vilianza kuwaomba watu watoboe tundu chini ya nyua zao, lenye upana wa sentimeta 13 na kimo cha sentimeta 13. Tundu hilo lamtosha kalunguyeye kupita, lakini ni dogo kwa mbwa wengi. Ua mmoja ukitobolewa haufai sana. Nyua za majirani wote zikitobolewa, mnyama hupata njia toka bustani hii hata bustani ile. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza shuleni huwaomba wazazi wake, na wazazi huwaomba majirani.

Wakati wa baridi kali, tangu karibu mwezi wa Novemba hata Machi, kalunguyeye hulala usingizi mrefu. Mwili wake hupoa, moyo wake hupiga polepole, naye huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Lakini tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto mikubwa ya kuni na majani, kwa ukumbusho wa watu waliotaka kuliangamiza Bunge mwaka wa 1605. Rundo la kuni likikaa siku nyingi kabla ya kuwashwa, kalunguyeye huliona ni nyumba njema, akaingia ndani akalala. Watoto hufundishwa kuwakumbusha wakubwa: kuni zisipangwe mapema, au zihamishwe siku ile ile ya kuwashwa, na mtu atazame chini kwa taa kwanza. Mara nyingi mkubwa ndiye asahauye, na mdogo ndiye akumbukaye.

Watoto hulala usiku na kalunguyeye hulala mchana, basi watamwonaje? Iko njia. Walimu hutengeneza kisanduku kirefu kilicho wazi pande mbili. Katikati huweka chakula kidogo, kando yake wakapaka unga wa makaa uliochanganywa na mafuta, na mwisho wake wakatandika karatasi nyeupe. Mnyama akipita usiku kula chakula kile, huacha alama za nyayo zake karatasini. Asubuhi watoto hukimbilia kisanduku, na zikionekana nyayo ndogo nyeusi zenye vidole vitano hufurahi kana kwamba wamepokea barua. Hawakumwona mgeni wao, hawakumgusa, hawakumsumbua. Walakini wajua ya kuwa yupo.

6. Ndege wa Bustanini na Ndege wa Safari

Katika bustani za Uingereza yuko ndege mdogo sana, mwenye utosi wa buluu na tumbo la manjano. Hutaga mayai katika tundu la mti. Miti mizee ikikatwa, hukosa nyumba. Watoto, wakisaidiwa na mwalimu, humtengenezea kisanduku cha mbao chenye tundu la duara la upana wa milimita 25. Mtoto huuliza, Kwa nini tundu liwe dogo namna hiyo? Huambiwa ya kuwa likizidi kidogo, ndege wakubwa wataingia wamfukuze. Basi milimita chache huweza kuokoa kizazi kizima. Kinda mmoja wa ndege huyu aweza kula viwavi 100 kwa siku moja, na kiota kimoja huweza kuwa na makinda kumi. Hapo watoto huanza kufahamu jinsi viumbe walivyofungamana: pasipo viwavi hapana ndege, na pasipo majani hapana viwavi. Kwa sababu hiyo shule nyingine huacha pembe moja ya bustani isilimwe kamwe, hata mimea yenye kuwasha ikimea humo haing'olewi, maana baadhi ya vipepeo wazuri wa Ulaya, wakiwa viwavi, hula mimea hiyo.

Yuko na ndege mwingine ambaye watoto wa Afrika wamjua pia, naye ni mbayuwayu. Mbayuwayu wa Uingereza hujenga kiota cha matope katika mabanda ya ng'ombe, akalea watoto wake wakati wa joto. Baridi ikikaribia huondoka. Zamani watu wengi walidhani kwamba hujificha katika matope ya maziwa. Mwezi wa Mei, mwaka wa 1911, mtu mmoja katika wilaya ya Staffordshire alimfunga mbayuwayu pete nyepesi yenye namba mguuni, akamwachilia. Mwezi wa Desemba, mwaka wa 1912, ndege yule yule alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, pete ingali mguuni. Ndipo ilipojulikana hakika ya kuwa kiumbe huyu, ambaye uzito wake wapata gramu 20, huvuka bahari, na jangwa la Sahara, na misitu ya Kongo, mwendo wa kilometa zipatazo 10,000, kisha akarudi.

Basi mtoto wa Uingereza akilinda kiota cha mbayuwayu, amlinda ndege atakayepita juu ya mashamba ya Kongo. Na mtoto wa Kongo asiyempiga kwa manati, amlinda ndege anayengojwa Uingereza. Watoto hao wawili hawajuani, lakini wana mgeni mmoja.

7. Kwa Nini Kazi Hii Ni ya Lazima

Watu wengine husema kwamba watoto wataijua dunia hata bila kufundishwa. Lakini mwaka wa 2002 wataalamu wa Cambridge walitangaza habari ya uchunguzi wao. Waliwaonyesha watoto wa shule za Uingereza picha za wanyama na mimea ya nchi yao, na picha za wanyama wa kubuniwa wa mchezo uitwao Pokémon, wakawauliza majina. Watoto wa miaka minane waliwajua wanyama wa mchezo 78 katika kila 100, lakini viumbe wa kweli wa nchi yao waliwajua 53 tu katika kila 100. Akili ya kujifunza walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mahali pa kukutana na viumbe wenyewe, na mtu wa kuwaambia majina yao. Na kiumbe asiye na jina katika kichwa cha mtu, hata akitoweka, mtu huyo hatajua kwamba ametoweka.

Bibi Louise Chawla, mtaalamu wa Marekani, aliwauliza watu waliojitoa kuyahifadhi mazingira katika Kentucky na katika Norwe, jambo gani lilikuwa chanzo cha kazi yao. Katika habari alizozitoa mwaka wa 1999, mambo mawili yalitajwa sana: mahali pa nje walipopazoea, hasa wangali watoto, na mtu wa jamaa yao aliyewaonyesha na kuwafundisha. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Msitu pasipo mtu wa kuongoza huwa ni mahali pa kuvunja matawi. Na maneno ya mtu pasipo msitu husahauliwa.

8. Mtoto wa Ihithe

Mambo hayo mawili hayahitaji shule ya fahari. Alikuwapo mtoto wa Kenya, Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri. Alipokuwa mdogo alikwenda kuteka maji katika kijito kilicho karibu na kwao. Kati ya majani ya magimbi aliona mayai ya vyura yamefungamana kama shanga. Alitaka kuyaokota, lakini kila alipotia vidole vyake chini yake yalikatika. Baada ya siku kupita aliona viluwiluwi wengi weusi wakiogelea majini. Hapo palikuwa na mti mkubwa, ambao Wakikuyu huuita mugumo, na mama yake alimkataza asiokote kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu.

Wangari alisoma, akaenda Marekani kuongeza elimu, akarudi. Alikuta mti ule umekatwa. Baadaye na kijito kikakauka, na viluwiluwi hawakuwapo tena. Mtu mwingine angepita pale asione kitu. Angeona ardhi kavu tu. Yeye aliona kilichopotea, kwa sababu alikijua tangu utoto wake. Mwaka wa 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa Kenya, nayo ikaenea nchi nzima. Mwaka wa 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, na katika hotuba yake mjini Oslo, mbele ya wakubwa wa dunia, alisimulia habari za mayai yale ya vyura. Alikufa mwaka wa 2011.

Kwa hiyo shule ya kwanza ya kuwatunza viumbe huweza kuwa msitu wa Denmaki, au bustani ya Deptford, au kijito cha Ihithe. Huweza pia kuwa ua wa nyumba yoyote. Kinachotakiwa ni mtu mkubwa kidogo kuliko mtoto, mwenye subira ya kuchutama kando yake. Mtu huyo si lazima awe mwalimu wala mtaalamu. Mara nyingi huwa ni kaka au dada anayekwenda shule, aliyepewa mdogo wake amtunze mama akiwa kazini. Dada akimpiga mjusi kwa jiwe, mdogo wake ataokota jiwe. Akisimama akasema, "Tumtazame, ana kazi yake," mdogo wake atasimama vivyo hivyo. Nao walio hatari, kama nyoka na nyuki, mdogo aonyeshwe kuwaepuka kwa utulivu, asifundishwe kuwachokoza.

Hakuna mtoto azaliwaye akijua mkono wake una uzito gani. Aliyemtangulia ndiye amfundishaye kuulegeza.

Maswali

1. Kwa nini Fröbel alimpa kila mtoto kishamba chake, na kisha akaweka shamba la wote?
2. Mabibi McMillan waliona nini kilichowafanya wafungue shule ya nje?
3. Kwa nini yapasa kulowesha mkono kabla ya kumgusa nyungunyungu?
4. Eleza mambo matatu ambayo mtoto mdogo aweza kumfanyia kalunguyeye.
5. Ilijulikanaje kwamba mbayuwayu wa Uingereza huja Afrika?
6. Mtazame kiumbe mmoja mdogo karibu na kwenu muda wa robo saa bila kumgusa. Andika alivyofanya, kisha mweleze mdogo wako.